Nafasi ya Mama Pale Soko la Mitumba

Kabla sijasema lolote naomba mnivumilie. Hati yangu inalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia yangu iliishia darasa la nane. Nikiandika ukurasa mmoja jioni imekwisha. Mkikuta neno nimelikosea, lirekebisheni wenyewe mwendelee mbele. Nimesoma humu gazetini vijana wa rika langu wakieleza utoto wao, nikaona na mimi nina jambo moja. Kwa mdomo siwezi kulisema, kwa sababu mbele za watu sauti yangu hupotea.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juma lililopita tulikuwa tunachuma majani ya chai, mvua ikatukuta mbali na banda la kupimia. Mama mmoja wa mstari wa pili alivua koti lake zito la zamani akatufunika nalo vichwa. Lilipolowa likatoa ile harufu ya mitumba, ya dawa kali kidogo na vumbi, na kitu kama kabati la mtu usiyemjua. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikavuta pumzi. Harufu hiyo kwangu ni Mama.

Soko la mitumba la Kericho siku hizo halikuwa na paa. Lilikuwa uwanja wa udongo mwekundu unaoteremka, juu kuna barabara, chini kuna mtaro. Wauzaji walitandaza maturubai na kumwaga nguo juu yake, na wenye uwezo walisimamisha miti wakafunga kamba za kutundikia makoti. Asubuhi kulikuwa na jua zuri. Mchana ulipopinduka mawingu yalikuja kutoka upande wa msitu, na kila mtu alifanya kazi huku akitazama juu. Tone la kwanza likianguka, uwanja mzima ulikunjwa.

Mama aliniambia kwamba alipoanza kazi hiyo watu waliona haya kuonekana wameinama pale. Walisema ni nguo za wazungu waliokufa. Walimu walikuja giza likiingia, wakijifanya wanapita tu. Mafundi cherehani wa mjini waliwacheka wauzaji. Baadaye mafundi haohao walibeba cherehani zao wakaja kukaa pembeni mwa uwanja, wakipunguza viuno vya suruali na kufupisha mikono ya makoti, kwa sababu hakuna aliyewapelekea kitambaa kipya tena. Nilipopata akili mimi, walimu walikuwa wanainama mchana, mbele ya wanafunzi wao, na kubishana bei.

Siku ya kufungua mtumba ilikuwa kama harusi. Watu walizunguka, kisu kikakata kamba, nguo zikafura kama unga wa kuumuka. Zile za kwanza, safi, ziliitwa kamera, na makarani na walimu walizigombea. Za katikati zilikwenda kwa wakulima. Zilizobaki mwisho, zilizochoka, ziliitwa fagia, na wachuma chai walizinunua wakazifunga kiunoni ili umande wa majani usiwaloweshe. Mimi niliamini kabisa ile habari ya wafu. Kila mtumba ulipofunguliwa niliwahurumia watu wa Ulaya, kwamba wanakufa wengi hivyo, tena pamoja na watoto wachanga. Usiku niliwaombea kimyakimya, baada ya kuombea nyumba yetu.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga. Baba alifanya kazi kiwandani, kwenye majani chai, akafariki nikiwa sijui kutembea. Dada yangu Moraa alilelewa na nyanya, kwetu Kisii, ng'ambo ya Chepilat, mpakani mwetu na Wakipsigis. Mimi nilibaki na Mama, na Mama alibaki na nafasi yake sokoni.

Hiyo nafasi haikuandikwa popote. Kila muuzaji alikuwa na mawe yake pembeni, na hayo ndiyo yalikuwa mpaka. Karani wa ushuru alimtoza aliyemkuta amekaa, hakuuliza jina. Nafasi ilikuwa ya anayetandaza. Ukiugua siku moja, jirani alikuangalizia. Lakini ikilala tupu mpaka watu wakazoea kuiona tupu, mtu alisogeza mawe yako akatandaza, na hukuwa na pa kumshtaki. Ya Mama ilikuwa nzuri, juu kabisa karibu na barabara, mahali maji hayatuami na mteja anafika mfuko ukiwa bado na kitu.

Jirani yake alikuwa Mama Cherono, Mkipsigis wa kule Boito, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Mama alileta ndizi mbivu, Mama Cherono alileta mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyu yenye mkaa ndani, akiyatia kwenye chupa ya plastiki. Walikula pamoja wakitukanana.

"Mama Moraa, nyinyi mtakuja kuota majani kichwani kwa hizo ndizi."

"Na wewe unayekunywa majivu? Siku moja utakohoa moshi."

"Mkaa husafisha tumbo. Muulize huyu mtoto. Kadogo, si ni tamu?"

Aliniita Kadogo. Mimi niliitikia kwa kichwa tu. Alinifundisha kusalimu kwa Kikipsigis, "Chamge," na kila asubuhi alinisubiri niseme. Nilisema nikiwa nimejificha nyuma ya makoti, naye aliyajibu makoti, "Chamge mising," kama kwamba ndiyo yaliyosema.

Kisha siku moja, si wakati wa kufunga shule, Mama alinivalisha nguo juu ya nguo akasema tunakwenda kumsalimu nyanya. Nilifurahi sana. Njiani niliona watu wengi wamebeba magodoro, na mimi nilijua magodoro hubebwa kukiwa na wageni wengi wa kulala, kwenye harusi au mazishi. Nikadhani kwa nyanya kuna harusi kubwa kushinda zote. Nilimuuliza Mama nani anaoa. Akaniharakisha. Hakuwa amepata hata muda wa kumuaga Mama Cherono. Gunia letu la nguo lilibaki kwenye stoo ya duka moja, mahali wote wawili waliweka mizigo yao usiku.

Huko hakukuwa na harusi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini tulipoondoka Kericho, na tuliporudi watu walikuwa wanavuna. Yaliyotokea katikati Mama hakuyazungumza na mtu. Tulirudi wawili, Moraa akabaki na nyanya. Asubuhi ya kwanza, tukipanda kwenda sokoni, Mama alisema, "Nafasi ikiwapo tutaishi. Isipokuwapo, sijui." Sikuwa nimemsikia akisema sijui hata siku moja.

Tulipofika barabarani alisimama. Mama Cherono alikuwa pale pale, amekaa kwenye kigoda, lakini turubai lake lilianzia kwenye mawe yake likaendelea mpaka mwisho wa mawe yetu. Nguo zilikuwa zimetandazwa kote, makoti yametundikwa kwenye kamba yetu. Mkono wa Mama uliubana wangu.

"Ameunganisha," akasema, kwa sauti ya chini.

Mama Cherono akainua uso akatuona. Nilimwona ametuona. Alingoja. Sasa kwa watu wetu, wa huku na wa kule, anayefika ndiye anayesalimu. Aliyekaa hawezi kuanza. Mama alijua hivyo kama kila mtu anavyojua. Alitazama turubai, akatazama mbele, akapita. Tuliteremka uwanja mzima mpaka kwenye mtaro, mahali pasipo na mawe ya mtu.

Huko chini ndiko walikokaa wasio na nafasi. Mvua ikinyesha, maji ya uwanja wote yalitujia. Wateja walifika wakiwa wamekwisha kununua, wakashika sweta, wakaliacha. Mama hakuweza kununua mtumba, alichukua fagia za wengine akaziuza tena. Sauti yake ya kuita wateja ilipungua mpaka ikawa kama yangu. Mimi sikurudi shuleni. Nilikaa naye nikikunja na kukunjua. Jioni alianza kusema kwamba huenda ingefaa nirudi kwa nyanya, naye aombe kazi ya kuchuma chai, alale kambini na wanawake wasio na watoto. Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Nililala nikimshika nguo.

Mimi niliona kwamba Mama Cherono anatuchukia. Sikujua kwa nini. Nilifikiri labda ni zile ndizi, au mzaha wa majivu, kwamba ulimuuma siku zote na sisi hatukujua. Nilipotumwa juu kununua kitu, nilizunguka kwa nyuma ya mafundi ili asinione.

Mchana mmoja Mama alinituma mahindi ya kuchoma. Wakati huo wakulima walikuwa karibu kulipwa bonasi ya majani chai, ile nyongeza ya mwaka, na soko zima lilikuwa na wasiwasi wa furaha, kila mtu akipanga kamera zake. Nilipita nyuma ya makoti ya Mama Cherono nikasikia wanabishana. Alikuwa na Kibet, muuza viatu, kijana mrefu mwenye mdomo.

"Mama Cherono, leo niambie ukweli. Hii nafasi umeioa ama imekuoa?"

Watu wa karibu wakacheka.

"Toka hapa, Kibet."

"Sitoki. Mwenyewe amerudi, yuko pale chini na fagia yake. Kama angeitaka si angekuja? Kesho watu wa bonasi wanajaa hapa. Nitatandaza viatu."

"Utatandaza juu ya nguo za mtu?"

"Nguo gani! Hizi unazitoa kila asubuhi, unazirudisha kila jioni, huuzi. Mteja akiuliza bei unamtajia bei ya ng'ombe."

"Si zangu. Nitaziuzaje?"

"Basi mwite mwenye nguo."

Safari hii sauti ya Mama Cherono haikuwa ile ya kicheko.

"Alinipita. Alifika hapa akanipita kama nguzo ya stima. Watu wetu na wao walipopigana, mimi sikuchoma nyumba ya mtu, Kibet. Watu wameniuliza naiwekea adui nafasi ya nini, nikavumilia. Akinisalimu, nafasi yake hii hapa. Leo ikipita bila salamu, kesho utandaze."

Nilikuwa nimesimama na pua karibu na koti. Nikalitazama. Lilikuwa la kahawia, lina kifungo kimoja cha rangi nyingine, na kifungo hicho alikishona Mama mbele yangu, kutoka kwenye blauzi iliyochanika. Nikatazama sweta zilizo chini. Zilikuwa zimekunjwa mikono nyuma, kama Mama anavyokunja, si kama Mama Cherono anavyokunja. Zilikuwa zetu zote, zile za gunia.

Nilikimbia nikasahau mahindi. Nilimwambia Mama sikioni.

"Umesikia vibaya."

"Ni koti letu, Mama. Lina kile kifungo."

"Makoti yanafanana. Na mtoto hasikilizi maneno ya watu wakubwa. Mahindi yako wapi?"

Nilikaa chini. Mawingu yalikuwa yameanza kuja. Nilijua mvua ikianguka uwanja utakunjwa, na uwanja ukikunjwa leo imepita. Mama alikuwa amenipa mgongo, anapanga fagia ambazo hazikuwa na haja ya kupangwa. Nikaondoka.

Kupanda uwanja ule sikuwahi kuona ni mbali hivyo. Safari hii sikupita nyuma. Nilipita katikati, wauzaji wakiniita nichague, nikafika mbele ya kigoda cha Mama Cherono. Kibet alikuwa amekwisha kuleta gunia lake la viatu na kulilaza kando. Nilifungua mdomo pasitoke kitu. Nikajaribu tena.

"Chamge."

Mama Cherono alitazama juu ya kichwa changu, labda akimtafuta Mama, hakumwona.

"Chamge mising," akasema. "Umetumwa?"

Nilitikisa kichwa. Niliona uso wake unaanguka, nikatamani ningesema ndiyo.

"Haya. Salamu yako nimeipokea, lakini ni ya mtoto. Keti hapo."

Nilikaa ndani ya mawe yetu, katikati ya sweta. Kibet akanitazama.

"Sasa tumeletewa askari. Na huyu askari hata sauti hana."

"Amekushinda wewe mwenye sauti," Mama Cherono akamwambia. "Angalau amesalimu."

Mama alikuja kunitafuta ngurumo ya kwanza ilipolia. Nilimwona akipanda upesi, leso begani, uso umekasirika, na nikajua anakuja kunishika mkono na kunivuta. Alifika mbele ya turubai. Alinyoosha mkono kweli. Lakini mkono ulishuka kwenye sweta lililo karibu nami, akalishika, akaligeuza. Upande wa juu ulikuwa umepauka karibu uwe mweupe. Upande wa chini ulikuwa bado na rangi yake yote. Aligeuza la pili, ni vilevile. Muuza mitumba haelezwi maana ya kitu kama hicho. Nguo huwa hivyo ikianikwa juani siku baada ya siku, muda wote wa mahindi kukua, na kila jioni ikakunjwa na mtu asiyetaka kuiuza.

Mama alisimama wima.

"Mama Cherono. Habari za hapa."

Mama Cherono alitazama barabarani, kama mtu anayengoja gari.

"Za hapa ni nzuri. Hapa tumekuwapo. Umefika leo?"

"Nimefika leo," Mama akasema, na wote watatu tulijua si kweli, na hakuna aliyebisha.

"Ndizi umeleta?"

"Ndizi hazikubaki."

"Basi keti. Unasimama mbele ya biashara yako kama mteja."

Mama hakupata muda wa kuketi. Mvua iliteremka yote pamoja, kama inavyofanya Kericho. Uwanja ukapiga kelele. Mama alishika pembe moja ya turubai, Mama Cherono nyingine, wakakunja nguo ndani, wakavuta sehemu iliyobaki juu ya vichwa vyetu. Mama Cherono alinisukuma katikati yao kwa goti. Mvua ya mawe ilikuwa inagonga hapo juu, mahali pa kusikilizana ni ndani tu.

"Nyanya ya Moraa yuko?" Mama Cherono akauliza.

"Yuko."

"Na nyumba yake?"

"Haiko."

"Mlilala wapi?"

"Kanisani. Halafu kwa watu."

Maji yalipita miguuni mwetu yakiteremka kuelekea mtaro.

"Ungeniletea huyu mtoto. Ningemficha Boito."

"Ningepita wapi?"

Mama Cherono alivuta turubai zaidi upande wa Mama, bega lake mwenyewe likawa nje. Wakati huo Kibet akainama na gunia lake, maji yanamtoka puani.

"Mama zangu, nifunikeni jamani, viatu vinalowa."

"Si ulitaka kutandaza?" Mama Cherono akamwambia. "Tandaza."

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichotoka vibaya kama mtu anayekohoa, lakini nilikijua. Alisogea, Kibet akaingia na viatu vyake, tukabanana wote wanne mpaka mvua ikaisha. Hakudai nafasi tena. Alipotoka alimwambia Mama, "Kesho mimi niko pale kando. Mteja akikosa viatu vyake kwako umwonyeshe kwangu." Mama akasema sawa.

Tulipokuwa tunabeba gunia kulipeleka stoo, Mama Cherono alisema, "Ufike mapema. Watu wa Boito wakishika bonasi hawasubiri mtu." Sijui kama waliwahi kuyazungumza yale mengine. Kama walizungumza, walingoja nisiwepo.

Asubuhi yake Mama aliondoka mapema akaniachia uji na sare yangu ya shule, ameifua na kuikausha juu ya jiko. Niliivaa ikiwa bado na unyevunyevu begani. Njia ya shule ilipita juu ya soko. Watu wa bonasi walikuwa wamejaa hata sikuweza kumwona Mama, niliona migongo tu imeinama. Lakini nilimsikia. Alikuwa anaita wateja kwa ile sauti ya zamani, ya kutoka tumboni, na Mama Cherono anamjibu kutoka upande wake, wanapokezana. Nilisimama barabarani nikasikiliza mpaka kengele ya shule ikalia, nikakimbia.

Nimefika mwisho na mkono unauma. Najua humu wamo ambao mama zao, au shangazi zao, walitandaza pale siku hizo, na wengine waliokuwa wateja tu. Nitashukuru mkiniandikia kupitia hapa hapa. Nielezeni mama yenu alikaa jirani na nani, na huyo jirani alikuwa mtu wa namna gani. Hata mistari michache inanitosha. Hati ikiwa mbaya kama yangu, nitaisoma polepole.